Kiza Kinachofuata Mwezi Mpevu: Safari ya Rufiji

Usiku wa kuamkia mwezi 15 Mfunguo Tatu, watoto wa kijiji tulichofikia walicheza nje hadi baada ya sala ya Isha. Mwezi ulikuwa umechomoza mashariki wakati jua likizama magharibi, na nuru yake ikatanda juu ya mapaa ya makuti na ya mabati bila kubagua. Wanangu wawili, waliozaliwa na kulelewa Dar es Salaam, hawakuwahi kuona mbalamwezi isiyochanganyika na taa za barabarani. Walikimbizana uani na watoto wa mjomba wao mpaka mama yao akawaita kula.

Usiku wa kuamkia mwezi 17, saa ile ile, ua ule ule ulikuwa mtupu. Milango ilikuwa imerudishwa, moto wa jikoni umesogezwa karibu na kizingiti, na mbuzi wamefungiwa ndani. Nilipochukua tochi ili niende msikitini, mjomba alinyoosha mkono akanizuia mlangoni.

"Ngoja, mpwa wangu," alisema. "Watakuja wa nyumba ya pili, kisha wa nyumba ya tatu, ndipo tuondoke. Leo hatutoki mmoja mmoja."

Nilimtazama nisielewe. Njia ni ile tuliyopita juzi tukizungumza na kucheka, na msikiti hauko mbali hata mtu aitwe msafiri. Hakuna habari yoyote mpya iliyokuwa imefika kijijini. Kilichobadilika kati ya usiku ule na huu kilikuwa juu angani: mwezi ulikuwa haujachomoza, wala usingechomoza mpaka karibu na Isha. Katika mwanya huo wa kiza, mjomba aliona jambo ambalo mimi, pamoja na elimu yangu ya mjini, sikuliona.

Ndugu msomaji, safari hii ilikuwa ya kuwatembelea jamaa baada ya Iddi Kubwa, wakati shule zimefungwa. Sikuikusudia iwe darasa. Lakini niliyoyaona mchana porini na niliyoyasikia usiku barazani yalinifundisha kwamba wanyama nao wana saa zao, wana zamu zao za kutoka na kujificha, na kwamba familia nyingi za kusini mwa nchi yetu zimelipa gharama kubwa kwa kutozijua saa hizo.

Mchana wa amani

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri kwa barabara ya kusini, tukapita Mkuranga na kufika Kibiti. Hapo tuliiacha lami tukashika njia ya vumbi ielekeayo Mloka, kijiji kilicho jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Njia hiyo hupita baina ya mikorosho na miembe, kisha vichaka, kisha mashamba, na vichaka tena. Mashamba na pori havijatenganishwa na ukuta wala uzio. Mwisho wa mpunga wa mtu ndio mwanzo wa nyasi za wanyama.

Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya kaskazini ya Pori la Akiba la Selous, na ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 30,000. Tuliingia asubuhi na mapema. Jua lilipopanda tulifika kandokando ya Ziwa Manze, mahali penye mivumo mirefu iliyosimama kama nguzo za jumba lisilo na paa. Chini ya mti wa kivuli kizito walilala simba watano. Mmoja alikuwa chali, miguu imeelekea juu, tumbo likipanda na kushuka. Umbali usiozidi viwanja viwili vya mpira, kundi la swala pala lilikuwa likila majani. Wengine walitazama upande wa simba, wakatafuna, wakainama tena.

"Baba, mbona hawakimbii?" binti yangu aliuliza kwa kunong'ona. "Hawawaoni?"

Mwongozaji wetu, kijana wa hapo hapo Rufiji, ndiye aliyemjibu. "Wanawaona, mdogo wangu, ndiyo maana wametulia. Swala pala hamwogopi sana simba anayemwona. Anamwogopa yule asiyemwona."

Kisha akatueleza, huku gari likiwa limezimwa, jinsi siku ya porini inavyogawanywa. Simba anaweza kupumzika kwa muda unaokaribia saa ishirini kati ya ishirini na nne. Hana mbio za kudumu. Akianza kukimbia akiwa mbali, mawindo humponyoka. Silaha yake ni kukaribia bila kuonekana, na kwa hilo hakuna kificho kizuri kuliko giza. Jicho lake limeumbwa kwa kazi hiyo: nyuma yake kuna utando unaorudisha nuru iliyopenya, ili ile chembe ndogo ya mwanga itumike mara mbili. Ndiyo sababu macho ya simba humetameta yakipigwa tochi.

Swala pala hutumia mchana kula, kwa sababu mchana ndio wakati wa kumwona adui kutoka mbali. Usiku hujikusanya mahali pa wazi, wakalala wakicheua, masikio yakigeukageuka. Ngiri, ambaye hana kimo wala kasi ya kujivunia, huwahi shimoni jua linapozama. Huingia kinyumenyume, kitako kikitangulia, ili atakayemfuata akutane na pembe zake. Asubuhi hatoki mpaka kumepambazuka.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wawindwa peke yao ndio wenye kuogopa. Mbwa mwitu, ambao eneo hili la Selous na Nyerere ni mojawapo ya ngome zao kubwa zilizobaki Afrika, nao huwaogopa simba, maana simba huwaua wakiwakuta. Hivyo mbwa mwitu wamejichukulia alfajiri na jioni, nyakati ambazo nuru inawatosha kukimbiza mawindo, na simba ama amechoka au hajaamka. Kule Serengeti, duma amechukua mchana kwa sababu iyo hiyo. Watafiti waliofuatilia mienendo yao huko Botswana waligundua kwamba duma na mbwa mwitu hutoka pia usiku, lakini hasa siku za mbalamwezi. Kukiwa na kiza kitupu hubaki walipo.

Mwanangu wa kiume aliuliza kuhusu viboko tuliowaona ziwani, je, nao hutoka usiku kwa kumkimbia simba? Mwongozaji akacheka. "Kiboko anakimbia jua. Ngozi yake haiwezi kustahimili joto la mchana, basi anasubiri jioni ndipo atoke kula nyasi." Jibu hilo lilinipendeza kwa uaminifu wake. Hofu ina nguvu kubwa katika kupanga saa za wanyama, lakini joto, kiu na njaa navyo vina sauti katika mpango huo.

Saa kumi na mbili jioni haijafika tulikuwa nje ya lango. Nyuma yetu simba wale walikuwa wameanza kujinyoosha.

Kamera zisizolala

Niliporudi mjini nilitafuta kusoma zaidi, nikakuta kwamba maneno ya kijana yule yamepimwa na wanasayansi, na hapa hapa nchini mwetu. Kuanzia mwaka 2010, watafiti walifunga kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Serengeti. Kamera hizo hujipiga zenyewe kila mnyama anapopita mbele yake, mchana na usiku, mvua na jua. Picha zilikuwa nyingi hata wakaomba watu wa kawaida duniani kote wawasaidie kupitia intaneti kutambua kila mnyama.

Kwa picha hizo waliweza kuulinganisha mwenendo wa wanyama na umri wa mwezi. Ilionekana kwamba wanyama walao majani wanaujua mwezi. Usiku wa kiza nyumbu hubadilisha mahali pa kukaa, wakapendelea sehemu ambazo simba si rahisi kuwavizia, na mwezi unapong'aa hujisogeza kwingine kwa uhuru zaidi. Nyati, ambao nguvu yao iko katika wingi, hujikusanya makundi wakiwa mahali pa hatari. Kila jamii ina njia yake ya kupita katika usiku, na njia hiyo hubadilika kadiri mwezi unavyokua na kupungua.

Basi simba naye hupata taabu zake. Wakati wa mwezi mpevu anaonekana kutoka mbali, mawindo yanamkwepa, na tumbo lake linakuwa jepesi. Watafiti waliokuwa wakipima shibe ya simba kwa kuangalia ukubwa wa matumbo yao waliona kwamba hula kidogo zaidi siku za mbalamwezi. Kisha mwezi huanza kuchelewa kuchomoza. Kiza kinarudi mapema jioni, na simba aliyekaa na njaa anakipata tena kificho chake.

Hapo ndipo habari ya wanyama inapokuwa habari yetu.

Saa za simba na saa za watu

Mwaka 2011 Profesa Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, pamoja na wenzake, akiwamo Mtanzania Dennis Ikanda wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, walichapisha uchunguzi wao juu ya mashambulizi ya simba dhidi ya watu nchini mwetu. Kati ya mwaka 1988 na 2009, simba waliwashambulia Watanzania zaidi ya 1,000, na takriban theluthi mbili ya watu hao walipoteza maisha. Maeneo yaliyoumia zaidi ni ya kusini mashariki: mikoa ya Lindi na Mtwara, na Rufiji yetu hii.

Watafiti walichukua matukio ambayo saa na tarehe zake zilijulikana, wakayapanga kwa kufuata mwezi wa angani. Mengi yalitokea kati ya machweo na saa nne usiku. Na hayakugawanyika sawa katika mwezi. Siku kumi zinazofuata mwezi mpevu zilikuwa na mashambulizi mengi mara mbili hadi nne kuliko siku kumi zinazoutangulia.

Sisi tunaohesabu miezi yetu kwa kuandama kwa hilali hatuhitaji maelezo marefu ili kulielewa jambo hili. Tangu mwezi mchanga mpaka mwezi 14, jua likizama mwezi tayari uko juu, na jioni ina nuru, ndogo au kubwa. Siku Nyeupe, yaani 13, 14 na 15, ambazo wengi wetu huzifunga katika miezi iliyo mingi, zimeitwa hivyo kwa sababu ya weupe wa usiku wake. Baada ya hapo mwezi huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Usiku wa kuamkia 16, kuna kiza cha karibu saa nzima baada ya jua kuzama. Usiku wa kuamkia 17, karibu saa mbili. Ufikapo mwezi 20, jioni yote ni giza, na mwezi huchomoza watu wameshalala.

Tatizo ni kwamba ratiba ya binadamu haibadiliki. Kati ya Magharibi na Isha ndipo watoto hurudi kutoka madrasa, mama huchota maji ya mwisho, baba hutoka shambani au huelekea msikitini, na mgonjwa husindikizwa chooni nje ya nyumba. Mwanga wa juzi umetuzoesha kutoka. Kiza cha leo kinatukuta bado na mazoea ya juzi, na simba mwenye njaa ya siku kadhaa yuko macho.

Nguruwe na dungu

Lakini simba anafuata nini kijijini? Hajaja kumtafuta mtu. Mara nyingi anamfuata nguruwe mwitu.

Nguruwe mwitu na ngiri ni jamaa, ila wamegawana siku. Ngiri ametwaa mchana, nguruwe mwitu ametwaa usiku. Mpunga na mahindi yanapokomaa, yeye na kundi lake huingia shambani baada ya giza, na kwa usiku mmoja wanaweza kumaliza jasho la msimu mzima. Kwa wakazi wengi wa Rufiji na Lindi nyama yake hailiwi, basi hakuna anayemwinda kwa kitoweo. Hufukuzwa tu. Na ili kumfukuza, mkulima hujenga dungu, kibanda juu ya nguzo katikati ya shamba, akalala humo na familia yake majuma kadhaa akipiga debe na kuwasha moto. Mawindo mengine ya simba yamepungua karibu na vijiji, nguruwe amebaki. Simba anakuja na nguruwe, na hapo shambani anamkuta mtu. Ndiyo maana miezi ya mavuno, Machi hadi Mei hasa, ilikuwa na misiba mingi kuliko mingine.

Na kwa nini wanyama wengi wanazidi kuwa wa usiku? Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Kaitlyn Gaynor walikusanya tafiti 76 kutoka mabara sita, zilizohusu jamii 62 za wanyama. Walikuta kwamba palipo na shughuli za watu, wanyama huhamishia maisha yao gizani. Mnyama ambaye angegawa muda wake nusu kwa nusu kati ya mchana na usiku, akiwa karibu na watu hutumia usiku kwa asilimia 68. Kaskazini mwa Kenya, tembo waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa walionekana kutembea zaidi usiku mahali na wakati ujangili ulipozidi. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka tembo wa Selous wenyewe, waliohesabiwa takriban 109,000 mwaka 1976 na kubaki kama 13,000 mwaka 2013. Katika macho ya wanyama wengine sisi ndio mwindaji wa kuogopwa kuliko wote, na zamu yetu ni mchana. Wamekubali kutuachia mchana. Usiku wanaudai.

Aliyoyasema mjomba

Tulirudi kutoka msikitini tukiwa kundi la watu tisa na tochi nne. Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza unachungulia, mwekundu, juu ya miembe. Mjomba aliketi kwenye mkeka barazani, akanisimulia habari ambayo mama yangu hakupata kunieleza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rufiji ilipita katika kipindi kigumu cha simba walao watu. Katika kipindi hicho mdogo wake mkazamjomba, kijana wa miaka ishirini na mbili, alikuwa akilinda mpunga dunguni. Jioni moja alishuka ili aje nyumbani kuchukua chakula. Hakufika. Asubuhi walimzika kwa kile walichokipata.

"Tuliambiana kwamba yule si simba wa kawaida," mjomba alisema. "Simba wa kawaida, tulisema, angekuja wakati wowote. Huyu anakuja siku fulani, anapotea, halafu anarudi siku zile zile. Tukasema ametumwa. Na ukishasema ametumwa, lazima umtafute aliyemtuma."

Alikaa kimya kidogo, akichokonoa ukingo wa mkeka.

"Palikuwa na mwanamke mmoja, mjane, jirani. Alikuwa amegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba. Mimi ndiye niliyelitamka jina lake kwanza. Mimi, mpwa wangu, si mtu mwingine. Hawakumpiga, Alhamdulillah. Lakini watu waliacha kumsalimia. Watoto walimkimbia. Akafunga vitu vyake akahamia kijiji kingine kwa ndugu zake."

Miaka kadhaa baadaye, watu waliokuwa wakiandika habari za mashambulizi walipita kijijini wakiuliza tarehe na saa za kila msiba. Mjomba alikumbuka kwamba kijana yule alizikwa siku mbili baada ya Maulidi ya msikitini kwao, yaliyosomwa mwezi 16 Mfunguo Sita. Akakumbuka msiba wa pili, akakumbuka wa tatu. Zote zilikuwa jioni za kiza baada ya mwezi mpevu. "Nikakaa nikahesabu kwa vidole," alisema. "Ule mpango tulioudhani ni wa mchawi ulikuwa wa mwezi. Simba hakuwa ametumwa na mtu. Alikuwa na njaa, na giza lilikuwa limerudi."

Alikwenda kwa yule mwanamke kumwomba radhi. Alimsamehe, lakini hakurudi kuishi pale. Tangu hapo, kila Iddi Kubwa, fungu moja la udhiya la mjomba hupelekwa kwake.

Sikuwa na la kusema. Niliwafikiria wajane na vikongwe wangapi, katika vijiji vingapi, ambao wamebebeshwa mzigo wa damu ambao ulikuwa wa saa za wanyama tu. Ujinga wa jambo dogo kama kuchomoza kwa mwezi uliua mara mbili katika ukoo wetu: ulimwua kijana, na ukamwua jirani akiwa hai.

Kijiji kilichobadilisha saa

Leo mashambulizi yamepungua kuliko miaka ile, na mtu anaweza kuishi Rufiji umri mzima asikutane na simba. Lakini kijiji cha mjomba hakikusahau. Mwalimu wa madrasa alikuwa akifundisha baina ya Magharibi na Isha. Sasa, kuanzia mwezi 16 mpaka mwezi unapoisha, darasa husogezwa baada ya Alasiri, na watoto huwa nyumbani kabla jua halijazama. Maji ya usiku huchotwa mchana. Anayetaka kwenda chooni gizani huamsha mwenzake, na hakuna anayemcheka mwenziwe kwa kuomba kusindikizwa. Nyasi karibu na nyumba hufyekwa. Walinda mpunga hulala dunguni wawili au watatu, na hawashuki baada ya jua kuzama hata kama chakula kimesahauliwa nyumbani.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu ajue leo ni mwezi wa ngapi. Nilijiuliza ni wangapi kati yetu wa mjini, tunaogombana kila mwaka juu ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani na wa Shawwal, tunaoweza kusema bila kutazama simu kwamba mwezi utachomoza saa ngapi usiku huu. Mwenyezi Mungu ameujaalia mwezi uwe kipimo cha nyakati kwa watu. Swala pala wanakitumia kipimo hicho kila usiku, na nyati, na simba. Sisi tulipewa na elimu ya kukihesabu.

Niliwauliza wanangu wamejifunza nini. Wa kiume alisema amejifunza kwamba ngiri huingia shimoni kinyumenyume. Binti alisema, "Kwamba simba naye huwa hapati chakula." Sikuwasahihisha. Wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Siku ya kuondoka, mjomba alitutangulia shambani jua likiwa limekwisha panda. Kando ya mpunga udongo ulikuwa umevurugwa na kwato za nguruwe za usiku ule. Alizifuata taratibu akiwa ameinama, akipitisha macho kila upande kutafuta alama nyingine, ya wayo mpana usio na kucha. Alipofika mwisho wa shamba alisimama akajifuta jasho. Hakuiona.

Tulipoingia garini alitukabidhi kifurushi cha nyama iliyokaushwa, akatuelekeza nyumba iliyo njiani. Tulimkuta bibi mmoja akianika mpunga mbele ya nyumba. Binti yangu alimwamkia na kumpa kifurushi kwa mikono miwili. Bibi alikipokea, akauliza hali ya mjomba, mkewe na watoto mmoja mmoja kwa majina. Kisha akatazama jua, kana kwamba anakumbuka jambo.

"Mkifika mpigieni simu," alisema. "Mwambieni siku hizi asitoke peke yake kwenda Isha. Mwezi unachelewa."